Kufuli la Njano

Kulikuwa na mama mmoja mwenye kampuni ya kuzoa taka, na mama huyu hakumwamini mtu. Dereva akirudi, mama anafungua tangi la mafuta achungulie. Mpishi akimletea chai, anauliza sukari imekwenda wapi. Mnacheka, akina mama, kwa sababu mnamjua. Huenda mmekaa naye benchi moja.

Magari yake yalizoa taka za shule, hoteli na makanisa, yakazimwaga kwenye yadi nje ya mji. Hapo walikuwapo watu wa kuchambua: plastiki huku, chupa huku, nyaya za shaba kule. Hakuwaajiri yeye. Wakala aliwaleta kutoka mbali, na mama alimlipa wakala tu. Bei ilikuwa nafuu mno. Mtu aliyeshuku sukari, bei ile hakuishuku.

Alichoshuku ni shaba.

"Shaba yangu inapungua," akamwambia wakala. "Hao watu wako wanatoka nayo."

"Niachie mimi, mama. Hatatoka hata panya."

"Fanya unavyojua."

Akaenda dukani, akanunua kufuli kubwa la njano, akamkabidhi. Tangu hapo shaba haikupotea tena, na mama akapata usingizi.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule mojawapo akamuuliza, "Hao wanaochambua taka zetu ni akina nani? Wanalala wapi? Wazazi wameniuliza."

"Ni watu wa wakala. Mimi nahusika na magari."

"Umewahi kuongea nao?"

"Nitaongea nao vipi? Hawajui Kiswahili."

Ndivyo alivyoambiwa. Kila alipokwenda yadini watu walinyamaza, wakala akajibu kwa niaba yao. Sasa niambieni, mtu anayemjibia mwenzake hata salamu, anaficha nini?

Maneno ya mwalimu yakamkaa kichwani, lakini yakamkaa vibaya. Akaanza kuwaza kwamba wakala na watu wake wanagawana shaba. Kwa hiyo wakala alipokwenda msibani, mama akapanda gari la taka na dereva wake, akaenda bila taarifa. Msimsifu. Hakwenda kwa ajili ya watu.

Wakakuta geti limefungwa, kufuli la njano linaning'inia upande wa barabara.

"Umeona?" akamwambia dereva. "Bosi wao hayupo, nao wametoroka kazi."

Mara akasikia sauti ya mwanamke ndani, anamfokea korongo, wale ndege wakubwa wa majalalani. "Toka hapa, kipara wewe! Huoni aibu kugombania ugali na watu waliolala na njaa?"

Kiswahili safi kabisa. Mama akagonga bati la geti.

"Nani yumo humo?"

"Wachambuaji."

"Mbona mmejifungia?"

Yule mwanamke akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Mtu hujifungia kwa nje, dada?"

"Basi si mtokee nyuma, ukuta si umeanguka?"

"Nyuma ni chupa zilizovunjika, mpaka bondeni. Mabuti yetu wakala anayakusanya kila tukimaliza kazi. Vitambulisho alivichukua siku tuliyofika. Pekupeku utafika wapi? Nilimwacha mwanangu hajaanza kutambaa. Siku hizi labda anamwita bibi yake mama."

Mama akapandwa na hasira, hasira ya kweli. "Ni mnyama gani aliyeagiza mfungiwe hivi?"

"Mwenye kampuni. Tumeambiwa haamini mtu. Hata kufuli alinunua yeye mwenyewe. Unamjua?"

Mama akalitazama kufuli. Ufunguo hakuwa nao. Dereva akaleta nyundo, wakaanza kugonga, na kufuli halikuvunjika upesi, maana alikuwa amechagua lililo imara.

Wapendwa, kushuku tunajua sana. Tatizo letu ni kwamba tunashuku kuelekea chini. Dada wa kazi akienda kwao, tunapekua begi lake. Je, aliyemleta tulimpekua? Tulimuuliza kitambulisho cha huyo binti kiko kwa nani? Bei ikiwa rahisi tunasema Mungu ametubariki, kana kwamba Mungu ndiye aliyejazia pengo la bei. Pengo hilo analijazia mtu, na mtu huyo hatujawahi kusikia sauti yake.

Taka za sikukuu yetu ya mavuno zilizolewa, uwanja ukang'aa, tukapiga makofi. Nani alizichambua? Mimi simjui. Nanyi hamumjui. Mzoaji tulimchagua kwa sababu alikuwa wa bei ya chini kuliko wote, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza inawezekanaje.

Basi kamati yetu ikienda kuzungumza mkataba mpya wa taka, isiishie ofisini kunywa soda. Iende yadini bila kupiga simu. Iongee na watu wenyewe, wakala akiwa mbali, asije akawalipizia kisasi baadaye. Iulize vitambulisho viko wapi, na kama mtu akitaka kwenda kwao kesho, ataondoka? Wakisema hawajui Kiswahili, ikae nao kidogo, isikilize wanavyofukuza ndege.

Na mkifika getini, tazameni kufuli. Likiwa nje na watu wamo ndani, msianze kuuliza nani amelifunga. Ulizeni nani amelinunua.