Zimwi la Baridi na Vitunguu vya Nakiete

Mnaosinzia amkeni, ngano imefika.

Baridi ilipoingia milimani, zimwi lilisimama katika bustani ya Nakiete, mjane mkaidi, likasema, "Atakayelia hapa ndiye atakayeiaga bustani hii milele."

Likapuliza nyanya, zikanyauka. "Lia, mama."

"Silii."

Likapuliza maboga, yakaoza. "Lia."

"Silii. Mbegu ninazo."

Likapuliza mchicha, ukalala chini. "Hata sasa hulii?"

"Nina njaa tu. Vimebaki vitunguu. Ukitaka kula nami, shika kisu ukate."

Zimwi kwa ulafi wake likakata cha kwanza, likakata cha pili. Kwenye cha tatu machozi yakalitiririka mpaka kidevuni.

"Umelia wewe," akasema Nakiete, akichukua jembe lake. "Haya, aga uende."

Ngano nimeimenya, maganda fagieni wenyewe.