Filimbi ya Lambo

Bisha. Bisha sasa hivi, maana nikishaanza sitasimama kukungoja.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi, shule ya msingi ya kijijini kwetu iliamua kufundisha watoto kuogelea mtindo huru. Lambo lilikuwepo, watoto walikuwepo. Wazazi ndio waliogoma.

"Siku ya wazazi," wakasema, "mtoto mmoja avuke lambo bila kukanyaga chini. Asipovuka, hakuna mtoto wa mtu atakayegusa maji. Akivuka, aliyemfundisha apewe filimbi, aitwe mwalimu wa kuogelea."

Mimi Masalu niliishia darasa la sita. Niitwe mwalimu kwenye shule ileile iliyonishinda! Filimbi ile niliitaka kuliko ugali.

Kwa kuwa maji yalikatazwa mpaka siku hiyo, sisi watatu tuliojitolea tulifundisha nchi kavu.

Bi Kwandu wa darasa la nne alifundisha pumzi. Akapanga mabeseni. "Uso ndani, toa mapovu. Lalia sikio, vuta hewa." Wakatoa mapovu wiki nzima.

Limbu, fundi baiskeli, alifundisha miguu. Akawalaza kifudifudi juu ya madawati. "Usikunje goti, hapa hakuna pedeli! Piga kutoka nyongani." Wakapiga wiki nzima. Madawati mawili yakavunjika.

Mimi nilifundisha mikono, kwa sababu ninayo mizuri. "Nyoosha mbele, vuta mpaka mfukoni, toa kiwiko." Wakavuta wiki nzima.

Siku ikafika. Akachaguliwa Nyamizi, miaka kumi, mtoto asiye na maneno. Akasimama ukingoni. Hakuingia.

"Mwanangu, twende nyumbani," mama yake akasema. Wazazi wakaanza kuinuka.

Mara Nyamizi akajitosa. Pumzi, miguu, mikono. Akafika ng'ambo, chini hakukanyaga.

Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Asiyepumua havuki," alisema Bi Kwandu. "Lete filimbi."

"Pumzi hata kuku anayo," alisema Limbu. "Kilichomsukuma ni miguu."

"Na miguu ingefika wapi bila mikono?" nilisema mimi.

Mama Nyamizi akatutazama mmoja mmoja. "Na mtoto je? Wawili kati yenu hata kulowa hamjalowa."

Je, nani alistahili filimbi?

Ngoja, usijibu. Kuna kipande nimekiruka.

Nilikuwa ng'ambo, juu ya jiwe, nikimwonyesha mikono kwa mbwembwe. Jiwe lilikuwa na utelezi. Mimi sijui kuogelea, sijawahi kujua. Nyamizi hakuvuka kwa ajili ya wazazi. Alikuja kunitoa.

Alinidaka ukosi, akasema taratibu, "Mwalimu, vuta mpaka mfukoni."

Nikavuta. Kumbe inafanya kazi.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita mwalimu. Na nisingezama, Nyamizi asingeingia majini. Haya, jibu sasa: filimbi ya nani?