Mama Naetwe na Mlima wa Ndorwe

"Usilaumu mzigo kabla hujatazama cheche." Leo mmemsikia mjomba wenu akiambiwa hivyo, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, tulieni niwape chanzo chake, na anayetaka kuchezea simu akachezee nje.

Huko Upareni alikuwepo Mzee Kajiru, bwana mifugo mstaafu, na pikipiki yake kuukuu aliyoitunza kuliko meno yake. Kila Ijumaa alimpakia mkewe, Mama Naetwe, wakapanda mlima wa Ndorwe kwenda kumwona dada wa mama huyo. Dada alikuwa haoni tena, lakini hatua za mdogo wake alizitambua tangu mlangoni. Miaka thelathini hawakukosa.

Mwaka mmoja pikipiki ikaanza kuishiwa nguvu mlimani. Ikawa inakohoa, bomba la moshi linachemka kupita kiasi. Mzee akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, wapi. Ijumaa moja ikazimika katikati ya mlima. Akamshusha mkewe, akajaribu peke yake, ikapanda kwa kujikokota. Hapo akaona amepata jibu, akalisema papo hapo.

"Mama Naetwe, umekuwa mzito siku hizi."

Mama alijifunga upya khanga yake, akaupanda mlima kwa miguu. Ijumaa iliyofuata alisema goti linamuuma. Ya pili vilevile, na ya tatu. Dada yake akatuma mtu kuuliza kama mdogo wake yu hai. Nyumbani chai iliwekwa mezani kama kawaida, ila maneno yaliisha. Mzee wa watu aliumia, asijue aanzie wapi.

Akaikokota pikipiki hadi kwa Fundi Mgonja, mtu asiyeharakishwa. Fundi akafungua kifuniko cha magneti, akachomeka kipande cha karatasi ya sigara katikati ya platini, vile vijino viwili vinavyoachana ili cheche iruke. Akazungusha magneti polepole huku akiivuta karatasi. Alama ya wakati wa cheche kuruka ikafika, ikapita, karatasi bado imebanwa. Iliachia baadaye.

"Mzee wangu, platini zimelika. Cheche ipo, ila inachelewa. Pistoni imeshaanza kushuka ndipo moto unawaka. Tambarare huwezi kujua. Mlimani ndiko inakokuumbua."

"Mimi nilidhani ni mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mama Naetwe."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Kwani amenenepa?"

Mzee akaikumbuka ile khanga mlimani, ilivyomzunguka mkewe mara mbili, ile ile iliyokuwa ikimtosha kwa shida. Tangu malaria ya masika mama wa watu alikuwa amekonda. Kila wiki anampakia, na hakuona. Machozi yakamlenga, wala hakuyaficha.

Platini zilipobadilishwa akarudi nyumbani, akamkuta mkewe uani akichambua mchicha, akachuchumaa mbele yake.

"Mama Naetwe, si wewe. Ni cheche ilikuwa inachelewa. Na mimi nimechelewa kukuomba radhi. Umekonda, mke wangu, nami nikakuita mzito. Nisamehe."

Mama aliendelea kuchambua. "Plagi uliitazama?"

"Niliitazama."

"Na kabureta?"

"Nayo."

"Kote huko ukatazama, Baba Naetwe. Aliyekaa nyuma yako hukumtazama."

"Sikumtazama," akasema mzee.

Mama akanawa mikono, akaenda kuvaa viatu. Ndorwe waliupanda bila pikipiki kukohoa hata mara moja, naye amemshika mumewe kiunoni kama zamani.

Dada aliposikia hatua mlangoni alianza kulia. "Ulikuwa wapi wiki zote hizi?"

"Nilikuwa mzigo, dada," Mama Naetwe akajibu, akamweleza yote. Mzee Kajiru akainamisha kichwa, akicheka na kufuta macho.

Tangu siku hiyo, aliyekwenda kwa yule dada kumlalamikia mke, mume au mtoto, alisikilizwa mpaka mwisho. Kisha mama yule asiyeona alimshika mkono na kumwambia: usilaumu mzigo kabla hujatazama cheche.