Kufuli la Kiboko na Miiba ya Nungunungu

Ngano mchana huu, jua linawaka? Mnataka kuota mikia, kisha mama zenu waje kunilaumu mimi. Kunde hazijachambuliwa, na nyote mmekuja mikono mitupu, mmeleta masikio tu. Haya, kaeni. Wewe Mwanaidi, ondoa mguu kwenye ungo wangu.

Nina ngano!

— Ipakue!

Ina moto!

— Tutaipuliza!

Basi. Ulikuwa mwaka wa fukusi, wadudu watoboao nafaka. Siku hizo kila mnyama alitunza mbegu kama tunavyotunza sisi: ndani ya kibuyu, mdomo umezibwa kwa majivu, kibuyu kinaning'inia juu ya meko kipate moshi. Fukusi hapendi moshi. Lakini moshi nao haupendi macho ya mtu, na wanyama wakalalamika. Si mnawajua viumbe? Hata ukiwapa uhai watauliza kwa nini hauna chumvi.

Kiboko akasema, "Leteni kwangu. Nina ghala la mawe, fukusi hatoboi."

Wakapeleka. Kibuyu baada ya kibuyu. Kiboko akafunga mlango wa mvule, akatia kufuli la chuma kubwa kama kichwa cha mbuzi. Klak! Ufunguo akautia mdomoni, chini ya ulimi, akafumba. Hakuna aliyeuliza. Mkubwa akifumba mdomo, wadogo hudhani anafikiri.

Mvua ya kupandia ikaja. Pa, pa, pa, kisha shaaa! Ardhi ikalainika kama ugali wa mgonjwa. Na nchi ile ilikuwa na mvua moja tu. Ukipanda ndani ya siku tatu, mwaka huo unakula. Ukichelewa, udongo unakauka, unakuwa jiwe, na wewe unakuwa hadithi.

Wanyama wakaenda ghalani.

"Mbegu zenu zipo," Kiboko akasema, ulimi mzito kwa ufunguo. "Limeni shamba langu kwanza. Kuanzia mtoni mpaka mlimani."

"Mzee, hiyo ni kazi ya mwezi mzima!" Ngiri akasema.

"Basi msinipotezee muda."

Ngiri akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akakimbia. Bung! Mlango haukutikisika. Ngiri alitema kipande cha jino, akakitazama, akasema, "Twendeni tukachukue majembe."

Wakaenda, vichwa chini. Akabaki Sange. Mnamjua Sange? Yule mdogo wa vichakani, mwili wa panya, pua ndefu kama mkonga uliokata tamaa. Sange alikuwa na watoto wanne na kibuyu kimoja cha mtama, kidogo kama yai la kanga. Mwaka wake wote ulikuwa mle ndani.

Nungunungu akageuka, akamwita, "Mama wanne, huendi kulima?"

"Nikilima shamba lake, wanangu watakula nini? Jasho?"

Sange akaliendea kufuli. Akaingiza pua kwenye tundu lake. Akanusa. Akaweka sikio. Kisha akaanza.

Akachukua chelewa cha ufagio. Akakitia. Akasikiliza. Kwa, kwa, kwa, ka! Chelewa kimekatika. Kufuli likasema nini?

— Ng'o!

Akachukua mfupa wa samaki. Akautia. Akasikiliza. Kwa, kwa, kwa, ka! Mfupa umekatika. Kufuli likasema nini?

— Ng'o!

Akamwambia Nungunungu, "Bibi, nipe mwiba mmoja."

"Ung'oe polepole. Huo ni mwili, si kichaka."

Akautia. Akasikiliza. Kwa, kwa, kwa. Mwiba haukukatika, lakini kufuli halikufunguka. Kufuli likasema nini?

— Ng'o! Ng'o! Ng'o!

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Mwingine angelia. Sange alikuna pua yake, akasema, "Mimi sijui tumbo la chuma hiki lilivyo. Anayelijua ni ufunguo. Basi nitakwenda kuuliza ufunguo."

"Uko mdomoni mwa Kiboko!" Nungunungu akasema. "Utaingia vipi?"

"Siingii mimi. Itaingia asali."

Asubuhi ya siku ya pili Sange akaenda mtoni na masega mawili ya asali juu ya jani la mgomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kidudu. Jembe lako liko wapi?"

"Mimi wa kushika jembe, mzee? Jembe ndilo litanishika mimi. Nimekuletea asali, mbabe hali majani matupu."

Kiboko akaachama. Akatia sega la kwanza. Nyam, nyam, nyam. Na nyie mnajua sega linavyoliwa: unafyonza asali, nta unaitema. Kiboko akatema. Pwa! Sange akaiendea, akaitazama. Nta imetafunwa, imekunjwakunjwa, haina maana yoyote. Limebaki sega moja. Moyo wake ukapiga kama kuku aliyeona kisu. Lakini uso? Uso aliunyoosha.

"Mzee, samahani," akasema. "Unakula kama sisi wadogo."

"Nini?"

"Wadogo hutafuna. Nimesikia wakubwa hawajisumbui. Sega huliweka chini ya ulimi, wakalikandamiza mara moja tu, kwa nguvu, asali ikaja yenyewe kama mtumishi."

Kiboko akakohoa. "Unadhani sijui? Lile la kwanza nilikuwa naonja tu."

Akaweka sega la pili chini ya ulimi, juu ya ufunguo. Akakandamiza. Ule ulimi wake, jamani, ni godoro! Asali ikatoka puani. Akatema. Pwa!

Sange akaiokota kwa mikono miwili.

"We! Unaokota mate yangu?"

"Nina chungu kinachovuja, mzee. Nta yako itakiziba."

Kiboko akacheka mpaka vyura wakahama. "Masikini ni masikini tu!"

Sange akaondoka polepole mpaka kwenye kona. Kwenye kona akakimbia, viti, viti, viti. Akaifungua mikono. Na ndani ya nta ulikuwamo ufunguo, nasema ulikuwamo, haupo na upo, alama yake tu: jino refu, jino fupi, jino refu, na mkato mdogo ubavuni. Nungunungu alipouona alikaa chini. Miiba yake yote ikalala.

Kutwa nzima Sange alifanya kazi. Miiba mitatu ikawa mwili wa ufunguo. Mifupa ya samaki ikawa meno. Vyelewa vikashika, katani ikafunga, ulimbo ukagandisha. Akapima juu ya nta, akaguguna kidogo. Akapima, akaguguna. Kile kitu kilipokwisha, kuku angepita juu yake asigeuke. Takataka za jikoni, hata mpishi asingezitazama mara mbili.

Siku ya tatu wanyama wakaitwa kutoka shambani kwa Kiboko, majembe begani, mikono imechubuka.

Ngiri akautazama ule ufunguo. "Hicho ndicho? Mimi nimevunja jino pale, wewe unakuja na fagio?"

Sange akaliendea kufuli. Akautia. Akasikiliza. Kwa. Kwa. Kwa.

Klak.

Hakuna aliyeshangilia, wanangu. Mnadhani walipiga vigelegele? Chuma kikubwa kama kichwa cha mbuzi kilining'inia mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa habari asiyoitarajia. Mlango wa mvule uliomvunja Ngiri jino, Sange aliusukuma kwa pua, nao ukaenda. Mwanga ukaingia ndani, ukaviangukia vibuyu, kimoja kimoja, kila kimoja na majivu yake mdomoni. Ngiri alishusha jembe chini taratibu, kama mtu aliyeingia mahali pa sala. Nungunungu akagusa mgongo wake mwenyewe, pale ilipong'olewa miiba, akanong'ona, "Kumbe nilikuwa natembea na hiki."

Kila mmoja akachukua kibuyu chake, chake tu. Cha Kiboko hakuna aliyekigusa. Sange akafunga tena, klak, wakaenda kupanda. Jua lilipozama, mtama wa wale watoto wanne ulikuwa ndani ya udongo laini.

Kiboko alikaa mtoni akingoja vibarua. Hawaji. Mwisho akasema potelea mbali, nitapanda mwenyewe. Akatoa ufunguo wake wa chuma, akautia kwenye kufuli. Lakini ufunguo ulikuwa umejaa nta, mkato hadi mkato. Ukaingia nusu, ukanasa. Akazungusha kwa nguvu zake zote. Ka! Nusu mkononi, nusu tumboni mwa kufuli. Ghala lake, mbegu zake, na yeye nje.

Sasa funzo, maana najua mama zenu watauliza mmefunzwa nini. Funzo ni hili: kufuli la mtu haliguswi. Ukikuta mlango umefungwa, piga hodi. Ukijibiwa ng'o, rudi nyumbani, ukafe njaa kwa adabu. Mmesikia?

Ngano yangu naiegemeza hapa ukutani. Anayeiona imepinda, aje ainyooshe.

Mwanaidi, nini tena? Kiboko alilipa nini? Nikadhani umelala.

Alikwenda kwa Sange, akapiga magoti, na goti la kiboko si mchezo. "Nifungulie, mama."

Sange akajaribu. Akatoa pua tunduni. "Mzee, nusu ya ufunguo wako imelala humo. Hapo hata mimi sina mwiba."

Mbegu za Kiboko zikaozea ndani. Mwaka ule hakuvuna hata punje, akaanza kula nyasi za ukingoni, anazila mpaka leo. Na wanyama hawakumwamini tena. Wakamhukumu hivi: kila apitapo mtu mtoni, asimame majini, aachame mdomo wote, mpaka kooni, aonyeshe chini ya ulimi kwamba hana ufunguo wa mtu. Mkubwa yule! Anaachama, anakaguliwa, hata na panzi. Panzi asiporidhika, anaachama tena.