Swichi Chini ya Kiti

Waliosema mficha uchi hazai hawakuwa watu wa kuona haya. Walimaanisha kwamba mwenye shida akimficha yule awezaye kumsaidia, shida humbakia mwenyewe, na alichokuwa akikitafuta hakipati. Methali hii wengi tunaijua, ila kuijua si kuifuata. Dereva mmoja wa lori la maziwa aliijua tangu utotoni, na bado ilimkuta.

Dereva huyo watu walimpachika jina la Kufuli, na wala hawakumwonea. Tangi lake la mafuta lilikuwa na kufuli, betri zilikuwa na kufuli, hata sanduku la spana lilikuwa na kufuli mbili, na funguo zote alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu, Kufuli alishinda akijiuliza ana lake gani. Lori lilikuwa mali yake, kalipata kwa jasho, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukusanya maziwa kwa wafugaji na kuyafikisha kiwandani.

Jumatatu moja lori lilizima langoni pa kiwanda, likagoma kuwaka. Meneja alilitazama, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Maziwa hayangoji. Nitaazima gari nyingine mpaka Alhamisi. Lango likifungwa Alhamisi jioni hujaleta mzigo, njia yako nampa mtu mwingine."

Mkewe hakutaka mjadala. "Mpelekee dada yangu. Kwa umeme wa malori nani anamshinda?"

Hapo ndipo penye mfupa. Dada mtu alikuwa kweli fundi umeme wa magari makubwa, na sifa zake zilifika mbali. Lakini chini ya kiti cha dereva kulikuwa na swichi ya siri. Mwaka uliotangulia, mdogo wao wa kiume aliazima lori siku moja ahamishe vyombo, akalirudisha limeoshwa likang'aa. Mtu mwingine angeshukuru. Kufuli alikesha akiwaza limeoshwa ili kuficha nini. Wiki hiyo hiyo akamtafuta fundi wa kando ya barabara, akawekewa swichi ya kuikatia injini umeme, waya wake ukapitishwa chini ya zulia, ili ndugu za mkewe wasije wakaliondoa lori kwa hila. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Lori likavutwa hadi karakana ya dada mtu. Fundi alichomeka mashine yake ya kupimia, akasoma, akatikisa kichwa.

"Kontroboksi imekufa," alisema, akigonga kisanduku cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini. "Hii ndiyo inayoiambia injini inywe mafuta kiasi gani na saa ngapi. Ikifa, injini yote hii ni chuma chakavu. Shemeji, kuna waya wowote ulioongezwa kwenye gari hii? Redio, taa, king'ora?"

"Hamna. Iko kama ilivyotoka kiwandani."

"Una hakika?"

"Kwani nakudanganya?"

Moyoni Kufuli alilishuku swali lenyewe. Kwa nini aulize hilo kwanza? Huenda yule mdogo wao aliipapasa swichi siku moja akaenda kusema. Huenda wamekaa kikao juu yake. Alivuta tairi kuukuu akaketi pale pale, akimkazia macho fundi kama paka anayelinda shimo la panya. Kisha akachukua rangi ya kucha kwenye mkoba mkewe aliousahau kabini, akaipaka alama ile boksi iliyofunguliwa, isije ikawa nzima na kesho akaikuta kwenye gari la mwingine.

Fundi alimwona. "Ukimaliza hiyo, shemeji, na mimi nina kucha kumi hapa."

Jumanne boksi nyingine ilipatikana. Fundi alifungua vichwa vya betri, akakaza boksi mahali pake, akarudisha soketi zake mbili nene, kisha akakaa na kompyuta kuifundisha: aliiandikia namba ya gari na kuitambulisha kwa ufunguo. Alieleza kuwa boksi ngeni haimwamini mtu. Kila mwenye ufunguo humwona ni mwizi.

"Kama watu fulani," aliongeza.

Injini iliwaka kwa mkupuo mmoja. Kufuli alifurahi kwa dakika mbili, akakumbuka kutofurahi.

"Boksi haijifii tu," fundi alisema. "Niachie gari siku moja nifuatilie nyaya, nijue kilichoiua."

"Gari inawaka. Unatafuta nini tena humo ndani?"

Fundi alimtazama kidogo, akafuta mikono, akamwachia aende.

Jumatano asubuhi, kwenye barabara ya mashimo, kiti kiliruka mara moja, mara mbili, na mara ya tatu injini ikazima. Kufuli alirudi karakana akivutwa, uso umemvimba kwa hasira. Alisema mbele ya mafundi wote kuwa ametiliwa boksi mbovu makusudi. Fundi aliifungua ile boksi, akaifungua na ile yenye rangi ya kucha, akaziweka pamoja mezani. Zote mbili zilikuwa zimeungua mahali pamoja.

"Muuaji wa zote mbili ni mmoja," alisema.

Alhamisi saa mbili asubuhi mkewe naye alikuwepo. Fundi alizungumza polepole, kama mtu asiyetaka kusikiwa vibaya. "Nimebakiwa na boksi moja tu. Nikiifunga sasa hivi, saa tano uko barabarani, na jioni mzigo uko kiwandani kabla ya lango kufungwa. Lakini siifungi mpaka nijue kinachoua. Nakuuliza mara ya mwisho, shemeji. Kuna kitu hujaniambia?"

Kufuli alimtazama fundi, akamtazama mkewe. Kuitaja swichi kulikuwa ni kuwaambia wote wawili kwamba ndugu yao ni mwizi.

"Hakuna," alisema.

Basi fundi akaanza mbele kabisa, kwenye taa, akaufuata kila waya kwa mkono. Kufuli alikaa juu ya tairi akijua fika kilipo kinachotafutwa, na kila saa iliyopita ilimkata maini. Saa sita fundi alikuwa bado yuko kwenye injini. Saa nane alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Mara mbili Kufuli alifungua kinywa. Mara zote mbili alimwona mkewe akimtazama, akakifunga. Tena akajifariji kwamba pengine hawatafika huko.

Saa kumi na nusu fundi alipanda kwenye kabini, akafunua zulia. Waya mwekundu ulikuwa umesagwa na reli ya kiti hadi ganda likaisha, na ulikuwa umelalia nyaya nyembamba za pedali ya mafuta, zile ziendazo moja kwa moja kwenye boksi. Kila kiti kiliporuka, umeme wote wa betri ulimwagika humo.

"Hii nayo ilitoka kiwandani?" fundi aliuliza.

Mkewe aliinama akaona. "Swichi ya nini?"

"Ya wezi," Kufuli alisema.

"Wezi gani?"

Kufuli alishika funguo zake shingoni. Hakuwa na pa kukimbilia. "Niliiweka baada ya mdogo wenu kuazima gari."

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma. Mkewe alisema tu, "Kumbe miaka yote hii unajua umeoa kwa wezi," akashuka, akaenda kusimama nje peke yake.

Fundi aliukata ule waya, akazifunga vizuri nyaya za pedali. Kazi hiyo haikuzidi dakika kumi. "Ungeniambia asubuhi, ningekucheka," alisema. "Basi. Ningekucheka, na sasa hivi ungekuwa kiwandani."

Aliifunga boksi ya mwisho, na jioni ile lori liliwaka likatulia vizuri kuliko siku zote. Simu ya Kufuli ikaita. Meneja alimwambia lango limefungwa, na njia yake kesho itakuwa na dereva mwingine. Kufuli alibaki ameshika usukani wa lori zima lisilo na pa kwenda, na nje mkewe hakugeuka kumtazama. Aliogopa kuaibika mbele ya watu wawili ambao wangemstahi, akapoteza kazi na heshima yao kwa siku moja. Kweli, mficha uchi hazai.