Mianzi Isiyofukizwa

Wahenga hawakumsema mgema bure. Walimwona akipanda mti akiwa na akili zake, akashuka, akaambiwa neno tamu na mnywaji mmoja, na kesho yake kibuyu chake kikawa na maji. Sifa ikimlevya mtu, huiacha ile bidii iliyomletea sifa. Wala hili halihusu kazi ya mikono peke yake, kwani hata imani ina ugema wake.

Marudut, baba yake Rumondang, alikuwa mgema kwelikweli, huko kwenye vilima vilivyo juu ya Ziwa Toba. Aligema bagot, mti ulio ndugu wa mnazi, ambao ukikatwa shina la ua hudondosha maji matamu kama asali. Kwa miaka mingi tembo lake liliishia kilabuni kwa shemeji yake Tumpal, na nusu yake iliishia tumboni mwake mwenyewe. Tiominar, mkewe, alikuwa amezoea kumvua viatu mlangoni kama anayemvua mtoto aliyelala. Kisha, baada ya Pasaka moja, Marudut alilitupa motoni gome la mti linalotiwa ndani ya tembo ili lichachuke na kuuma. Tangu siku hiyo, kwa miaka mitatu, kila alichogema kilikwenda sufuriani kikawa sukari guru.

Haikuwa kazi nyepesi. Kila alfajiri alipiga magoti chini ya mti kabla ya kuupanda. Kila jioni aliisuuza mianzi ya kukingia na kuifukiza moshi kwa mikono yake, maana mwanzi wenye masalia ya jana huyachachusha maji ya leo. Na akishuka alipita njia ya juu, yenye mawe na mwinuko, ili asipite kilabuni. Tembo tamu halina subira; jua likipanda, nalo linapanda.

Basi mzee wa kanisa, Baba Jogal, akamwomba atoe ushuhuda. Watu walilia. Akaalikwa bonde la pili, kisha la tatu. Kila aliposimulia, habari ilirefuka kidogo: glasi kumi zikawa ishirini, na siku aliyoangukia mtaroni kwa ulevi ikaongezewa mvua na radi. "Marudut ni mwamba," watu walisema, naye akaanza kutembea kama mwamba. Akiamka amechelewa, alijiambia, "Mungu ananijua," akapanda mti bila kugusa ardhi kwa goti.

"Baba Rumondang," Tiominar alimwambia asubuhi moja, huku akimnyonyesha kitinda mimba wao, "suruali yako siku hizi inarudi na magoti makavu."

"Kumbe nakaguliwa suruali?"

"Anayeifua ni nani? Na mianzi jana haikunuka moshi."

"Siku moja haiui mtu, Mama Rumondang. Sisi huko tumeshapita."

Tiominar alimhamishia mtoto titi la pili.

Jumapili iliyofuata binti yao Rumondang angepokea kipaimara. Kwa desturi yao, wazazi husimama nyuma ya mtoto wao, wamemwekea mikono mabegani. Binti alikuwa ameshamwambia baba yake bila hasira, "Baba, ukija na harufu nitasimama na mama tu. Sitagombana na wewe." Marudut aliapa. Tena aliahidi kupika mwenyewe sukari ya kutia katikati ya vitumbua vya unga wa mchele vya kuwakirimu wageni.

Jumamosi alishuka mtini na mianzi miwili begani. Akaitazama njia ya juu, akaitazama ya chini. Mwamba unaogopa nini? Akapita ya chini.

"Ee, mchungaji wetu huyo," Tumpal aliita. "Leo umepotea njia, shemeji?"

"Nimekuja kuwasalimu wenye dhambi."

Wakacheka, wakamsogezea benchi. Mmoja akasema, "Huyu hata umtie ndani ya pipa, atatoka mkavu." Neno hilo lilimwingia Marudut kama mafuta. Akakaa. Akaanza kusimulia ule mtaro, mvua na radi, mpaka jua likawa utosini na koo lake likakauka.

"Kunywa basi," Tumpal akasema.

"Chenu sinywi. Nina changu, tembo tamu, bado bichi."

Akajimiminia kutoka mwanzi wake. Ulimi ulitambua kabla ya akili: lilikuwa limeshaanza kuuma. Ilikuwa siku ya tatu mianzi haijafukizwa, na jua lilikuwa limemaliza kazi. Marudut alijua. Hata hivyo glasi ya pili aliijaza mwenyewe, akainywa yote.

Hapo akaogopa. Akabeba mianzi, akakimbia.

Nyumbani hakusema kitu. Alimimina maji yale sufuriani, akakoroga hadi mkono ukafa ganzi. Povu lilipanda, likashuka, sukari ikagoma kuganda, maana maji yaliyochachuka hayawi sukari. Ikabaki uji mweusi, wenye kunata na uchachu. Rumondang alikuja na vifuu vya kumiminia sukari, akainusa sufuria, akamtazama baba yake.

"Nimekunywa," Marudut akasema. "Glasi mbili. Hakuna aliyenilazimisha."

Binti aliviweka vifuu chini, kimoja kimoja, akatoka nje.

"Tiominar, sema neno."

"Wanaokusifu wapo tele, mume wangu, sikuwahi kuwasaidia. Nenda kafukize mianzi. Sukari ya vitumbua nitaazima kwa Mama Jogal."

Aliifukiza mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalitokana na moshi. Alfajiri alipiga magoti chini ya mti, penye umande, akamshukuru Mungu kwa sukari iliyogoma, kwa kuwa sufuria ilimwambia kweli wakati kijiji kizima kilimwimbia.

Kanisani Baba Jogal alimsimamisha. "Mwamba wetu, tupe maneno mawili."

"Jana nilikunywa," Marudut akasema. "Leo bado sijanywa. Na siku ile ya mtaroni hakukuwa na radi, wala mvua. Niombeeni, msinisifu."

Kisha wazazi wakaitwa wasimame nyuma ya watoto wao. Mbele, Rumondang aligeuka, akaunyosha mkono wake nyuma, akaushika wa baba yake, akauweka begani kwake. Tiominar, mtoto mgongoni, akauweka wake upande wa pili, na moyoni akasema asante, asante, hakujua kusema zaidi.

Jioni ile suruali ya kazi ya Marudut ilikuwa mikononi mwa Tiominar tayari kufuliwa, na magotini palikuwa na tope la alfajiri. Akatabasamu, akaitia majini, wala hakumwambia mumewe lolote, maana alikwishajifunza: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.