Maneno ya Mjomba Hoza

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, ni miaka minne tu iliyopita, aliishi Korogwe mjane mmoja aitwaye Bi Mwantumu. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana jibu la hadithi hii sina mimi, mnalo ninyi.

Bi Mwantumu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mkonge, ubavuni mwa mashine ya kusindika katani, na ile mashine ikamla masikio. Ukitaka akusikie, ulipaza sauti. Simu ndiyo hakuiweza kabisa. Alisema ndani yake kuna nyuki. Lakini sebuleni palikuwa na resiva ya marehemu mumewe, mtambo wa kukuza sauti, na spika zake mbili ndefu za mbao. Sauti ikipitia humo, Bi Mwantumu aliweka kiganja juu ya spika na kusikia kila neno.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Hoza, aliyeishi Mwanza. Miaka tisa walikuwa hawasemezani. Hoza hakuja kumzika mama yao, wala hakueleza sababu, na Bi Mwantumu akamtumia ujumbe: usiniite dada tena. Hoza hakumwita tena.

Ikatokea siku moja Salha, binti wa Hoza, akampigia simu Zawena, binti wa Bi Mwantumu.

"Dada Zawena," akasema, "baba anapasuliwa moyo Alhamisi saa nne asubuhi. Anaomba aongee na shangazi saa tatu. Na anataka shangazi amsikie mwenyewe. Hataki mtu wa katikati wa kumpokelea maneno."

Zawena akamfikishia mama yake maneno hayo. Bi Mwantumu akauliza, "Nitamsikiaje?"

Zawena ana mdogo wake, Kihiyo, na Kihiyo ana kompyuta kubwa ya kuchezea gemu. Wakapanga hivi: kompyuta iunganishwe na televisheni ili Hoza aonekane, na sauti ipite kwenye resiva ili Hoza asikike. Televisheni yenyewe spika zake zilikufa siku nyingi. Wakamwita jirani yao Mbwana, fundi redio.

Jumatano mchana Mbwana akaja. Akaikagua resiva mbele na nyuma. "Hii ni ya zamani, haitapitisha picha ya kompyuta ya siku hizi," akasema. "Picha iende moja kwa moja kwenye televisheni. Sauti itoke kwenye televisheni, irudi kwenye resiva kwa huu waya mwembamba."

Waya ule hupitisha sauti kwa mwanga, na ndani yake mna uzi laini kama kioo. Mbwana alipolisukuma kabati la televisheni, mguu wa kabati ukaukanyaga waya. Akasikia kitu kimelia, tiki. Akautazama: kwa nje haukuwa na jeraha. Akaona haya kusema. Akauchomeka hivyo hivyo.

"Tujaribu sasa hivi," Zawena akasema.

"Leo kompyuta haitoki chumbani," Kihiyo akajibu. "Niko katikati ya mashindano, timu nzima inanitegemea. Kesho asubuhi nitaileta. Ni kuchomeka tu."

Alhamisi kompyuta ikaletwa sebuleni saa tatu kasoro dakika kumi. Wakachomeka. Picha ikaja safi. Saa tatu kamili Hoza akatokea kwenye televisheni, amekonda, amevaa gauni la hospitali. Bi Mwantumu akasimama.

"Hoza," akasema.

Midomo ya Hoza ikacheza. Spika kimya.

Kihiyo akafungua mipangilio ya sauti, akabadilisha hiki, akabadilisha kile. Kimya. Mbwana akautazama ule waya, akatazama sakafu. Kule Mwanza Hoza alikuwa anawasikia vizuri. Akampungia mkono Salha atoke nje, amwache na dada yake. Kisha akainua nyusi, akauliza kitu. Zawena akabahatisha kuwa anauliza kama anasikika. Akaona muda unakwenda, akaona sauti itakuja sasa hivi. Akainama karibu na kamera.

"Anakusikia, mjomba," akasema. "Endelea."

Na Bi Mwantumu, ambaye hakuwa anasikia lolote, akatikisa kichwa: ndiyo.

Hoza akaongea robo saa nzima. Alipotua, dada yake alitikisa kichwa. Alipolia, dada yake alilia. Mara moja alicheka, naye akacheka. Mwishoni Bi Mwantumu akasema, "Nimekusamehe, Hoza. Na mimi unisamehe." Hoza akaweka mkono kifuani. Wauguzi wakaingia. Picha ikakatika.

Hapo ndipo Mbwana aliposema, "Ni waya. Niliuvunja jana." Akakimbia dukani kwake, akarudi na mwingine, akauchomeka. Kompyuta ikalia mlio mmoja, na madirisha yakatetemeka. Hapakuwa na mtu wa kumsikiliza tena.

Hoza hakuamka kwenye upasuaji ule.

Baada ya arobaini Salha akaja Korogwe. Akamwamkia shangazi yake, akaketi, akapaza sauti ili asikike.

"Shangazi, kabla hawajamwingiza, baba aliniambia, 'Nimemweleza dada yote, mpaka kwa nini sikuja kumzika mama. Na yanayokuhusu wewe nimemweleza. Muulize yeye.' Nimekuja kuuliza."

Bi Mwantumu angeweza kutunga. Hakutunga. Akamwambia ukweli wote, mbele ya wanawe na Mbwana.

Mbwana akasema, "Kosa ni langu. Neno moja tu Jumatano, na waya mwingine ulikuwa dukani."

Kihiyo akasema, "Kosa ni langu. Tungejaribu Jumatano tungejua. Na siku yenyewe hedifoni zangu zilikuwa chumbani, hatua kumi, ningemvisha mama. Sikuzikumbuka."

Zawena akasema, "Kosa ni langu. Mjomba aliuliza, nami nikamdanganya. Ningemwambia hasikiki, angeandika, angemwita Salha, angefanya lolote."

Bi Mwantumu akasema, "Kosa ni langu, mwanangu. Nilimwona anataka kuutua mzigo, nikaogopa nikimkatiza atanyamaza. Nikatikisa kichwa. Na kabla ya hapo nilikuwa na miaka tisa ya kumsikia, mdomo kwa sikio, nikaikataa."

Salha akalia. Alipomaliza, akafunga mtandio wake vizuri, akasimama mlangoni.

"Watatu kati yenu nimewasamehe hapa hapa," akasema. "Mmoja bado siwezi. Siku nitakayoweza, nitarudi."

Hakumtaja. Akaondoka. Mpaka leo hajarudi, na katika nyumba ile kila mmoja, mama na wanawe, na Mbwana kule dukani kwake, anaamini kwamba huyo mmoja ni yeye.

Haya, ninyi mliosikiliza, masikio yenu ni mazima. Je, kati ya wale wanne, nani hakustahili kusamehewa siku ile?